Asubuhi ya Baridi Bondeni Kafubu



Juma lililopita, wamama saba wa kikundi chetu tulitoka Lubumbashi kabla ya jua kuchomoza, tukaenda bondeni kwa mto Kafubu. Mnajua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu: ukipumua unaona moshi mdomoni, na vidole vinakataa kushika bidoni ya maji. Kila mama alikuwa amejifunga vitenge viwili, na bado tulitetemeka.

Njiani kila kitu kilikuwa kikavu. Mvua ilituaga mwezi wa nne, na haitarudi vizuri mpaka mwezi wa kumi na moja. Nyasi zimekuwa manjano, na mahali pengi pori limekwisha kuungua na kubaki jeusi. Lakini tulipofika bondeni, macho yalipumzika. Matuta ya kijani yalifuata mto: lengalenga, shu, vitunguu, matembele, nyanya.

Mama mwenye shamba alitupokea na chai ya moto. Tulimwuliza, «Yaya, mbona kwako ni kijani na kwetu ni vumbi?» Akacheka. «Wakati wa mvua hapa ni maji matupu, siwezi kulima. Kiangazi ndiyo musimu wangu. Maji yanashuka, udongo unabaki na unyevu, na shu inapenda baridi. Nyanya nazo haziozi ovyo kama wakati wa mvua.»

Alituonyesha kazi yake. Wakati wa mvua watu huinua matuta juu ili maji yatoke. Yeye wakati wa kiangazi anayashusha chini kidogo ili maji yakae. Anachanganya udongo wa kichuguu na mbolea ya kuku. Juu ya udongo anatandaza nyasi kavu, na hivyo anachota maji mara chache. Hata mama mwenye parsele ndogo mjini anaweza kufanya hivyo kwa maji aliyooshea mboga.

Kisha akatuambia tunyamaze na tusikilize. Kwenye matete ya kando ya mto ndege wadogo wa manjano walikuwa wakipiga kelele kwenye viota vyao. Yangeyange weupe walitembea kati ya matuta kama wakaguzi, wakiokota panzi na viwavi. Chini ya nyasi kavu alikaa chura mmoja mnene. «Hawa ni wafanyakazi wangu,» alisema. «Hawaombi mshahara. Ndege wa manjano wananiibia mbegu kidogo, lakini watoto wao wanawalisha wadudu.»

Shamba la jirani yake lilikuwa kimya. Matete yalikatwa yote ili kupata matuta zaidi, na dawa ya wadudu inapigwa mara kwa mara. Ndege wamehama, vyura hawapo, lakini wadudu wa shu wamerudi, kwa hiyo dawa inaongezwa tena. Mboga hizo zinakuja sokoni kwetu. Mama yule alisema neno ambalo sijalisahau: «Dawa unayopiga leo, mtoto anaikula kesho.» Yeye, akilazimika kupiga dawa, anahesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Basi sisi wanunuzi tuzoee kuuliza: «Mama, dawa imepigwa lini?» Tukiuliza wote, wauzaji watajibu.

Kwa nini ninaandika haya? Kiangazi cha mwaka jana mjukuu wangu alivimba miguu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake alikuwa amemwachisha ziwa kwa sababu ya mimba nyingine. Tulimpa uji mweupe wa mahindi asubuhi, na jioni bukari na mchuzi kidogo. Alikuwa akishiba, na sisi tukadhani shibe inatosha. Nywele zilianza kubadilika rangi, akawa hataki kucheza. Kwenye kituo cha afya tulielezwa kwamba tumbo lilijaa lakini mwili ulikosa chakula. Leo anakimbia, Mungu asifiwe, lakini nilijifunza kwa machozi.

Wakati wa mvua pori linatusaidia: uyoga, kumbikumbi, viwavi vya kula. Wakati wa baridi vitu hivyo vibichi havipo, na lengalenga ya parsele imekauka. Hapo ndipo watoto wetu wanabaki na unga peke yake. Kwa hiyo mama mwenye akili anakausha viwavi na uyoga mapema, na kutafuta majani ya bondeni. Tena tuwaambie waume na vijana wetu: moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, ndio unaoua miti zaidi. Mti ukifa, au ukigeuzwa makala, viwavi havitapata majani ya kula, na sisi hatutapata viwavi.

Tuliporudi tulipika pamoja. Tulitwanga viwavi vikavu na karanga, tukatia kijiko kimoja kimoja kwenye uji wa watoto waliopita miezi sita. Lengalenga tuliiosha kabla ya kuikata, tukaipika muda mfupi, tukaongeza mafuta kidogo, maana mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya majani. Mjukuu wangu alimaliza sahani na kuomba nyingine.

Kikundi kimekubali kulima matuta mawili bondeni mpaka mvua irudi. Matete ya kando ya mto hatutayagusa. Mama anayetaka kuungana nasi aje na jembe lake na kitenge cha pili, maana asubuhi baridi bado ni kali.

Tuonane juma lijalo.