Trekta Linalolala Nje

Watu hudhani baridi ndiyo inayoua trekta. Si kweli. Muuaji ni maji. Baridi inayapa nguvu tu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya injini hayaombi nafasi. Yanapasua chuma.

Nimejifunza hayo Shropshire, Uingereza, ninakoishi na mume wangu. Jirani yetu, bibi wa miaka themanini na ushee, ana Massey Ferguson 135 jekundu, la marehemu mumewe. Banda liliuzwa pamoja na shamba, trekta likabaki nje, kando ya ua wa miti. Kila mwisho wa Oktoba tunaliandaa kwa majira ya baridi: yeye anaelekeza kwa fimbo, mimi nashika spana.

Kwanza rejeta. Tunapima dawa ya kuzuia maji yasigande, maana nayo huchoka. Ikiwa imechoka, tunamwaga yote na kujaza upya, nusu dawa, nusu maji. Tangi la dizeli tunalijaza hadi juu, hewa yenye unyevu ikose pa kukaa. Betri inalala ndani ya nyumba. Bomba la moshi linavikwa kopo. Grisi kila mahali. Mwisho turubai: lifunike boneti na kiti, ila lisiburuze chini. Ukilifunga kama kifurushi, unyevu unabaki humo humo na kutu inakula kwa raha zake.

Jambo moja lilitoka Karatu. Baba naye ana 135, la mwaka 1974. Nilimwonyesha kazi yetu kwa simu ya video, akacheka. "Mwanangu, na klachi je? Ikanyage, uibane na kipande cha mti. La sivyo itashikana kwa kutu." Theluji hajawahi kuiona, ila masika anayajua vizuri. Nilipomtafsiria bibi, alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani. Akarudi na kipande cha mti kilichokatwa pembe. Kumbe kilikuwa kwenye kisanduku cha spana cha mumewe miaka yote, naye hakujua kazi yake.

Sasa kaka zangu wamefungua kundi la WhatsApp kuhusu trekta la Baba. Halijalima misimu mitatu. Magoti ya Baba hayamruhusu tena kupanda, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshataja bei. Hoja wanazo: ada za watoto hazisubiri mtu. Nimewajibu kwamba hesabu yao ni sahihi, ila tusiuze wakati mwenye mali bado anaamka kila asubuhi kwenda kuligusa. Turubai, grisi, na kijana wa kuliwasha mara moja kwa mwezi, nitalipa mimi.

Kaka mkubwa akaandika: "Sawa dada, lakini litatusaidia nini?"

Jibu la fedha sina. Ninachojua ni kwamba huyu bibi hajawahi kuendesha trekta hata siku moja, na bado Machi, tukirudisha betri na injini ikashika, husimama mlangoni na fimbo yake mpaka moshi wa kwanza uishe.