Maua ya Ruwenzori na majina yake

Mwezi huu ukurasa wetu unapanda mlima. Wengi wetu hapa kambini tulitoka chini ya Ruwenzori, upande wa Beni na Mutwanga. Watoto wenye walizaliwa huku wanauchora mlima huo vizuri, na theluji yake juu. Lakini ukiwauliza nini kinaota kati ya shamba na theluji, wananyamaza. Basi tupande nao polepole, tukitazama maua.

Njia ya upande wa Kongo inaanzia Mutwanga. Unapita kituo cha hifadhi cha Mutsora, halafu unafuata bonde la mto Butawu. Njiani kuna vibanda vya kulala: Kalonge karibu mita 2,100, Mahangu karibu mita 3,300, na Kiondo karibu mita 4,200. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo juu. Mimi nilifika Mahangu tu, nikiwa mwanafunzi. Ya juu zaidi nimeyapata kwa wapagazi na vitabuni. Jambo la kushika ni hili: kila urefu una maua yake. Ukiyajua, huna haja ya kuuliza umefika wapi.

Kuanzia mwisho wa mashamba mpaka kupita Kalonge ni msitu. Chini, penye unyevu, tafuta ua dogo la rangi ya waridi au nyekundu, lenye mkia mwembamba nyuma. Mkia huo ndio chupa yake ya asali. Kitunda chake kikikomaa, ukikigusa kinapasuka, paa! Mbegu zinaruka mbali. Watoto wanapenda sana mchezo huo. Kitabuni linaitwa Impatiens, yaani lisilo na subira. Huko huko msituni kuna lobelia ya kwanza, Lobelia gibberoa. Shina lake linapita urefu wa nyumba, na juu linatoa maua yaliyopangika kwenye mti mmoja mrefu kama mkuki.

Ukikaribia Mahangu, msitu unabadilika. Sasa ni miti ya erika, yenye vijani vidogo kama sindano. Ulaya erika nyingi ni kichaka cha magotini, lakini kwetu ni mti mzima. Matawini zinaning'inia ndevu za kijivu kama za mzee. Hizo si maua, ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hapo angalia maua ya manjano yenye petali tano: ni Hypericum revolutum. Ndugu yake, Hypericum bequaertii, ana maua ya rangi ya machungwa yanayotazama chini kama kengele. Ukiona moja linatazama juu na lingine chini, umeshawatofautisha.

Kwenda Kiondo, mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, karibu kila siku ya mwaka. Kila mmea una ujanja wake. Senesio kubwa, Dendrosenecio adnivalis, ni mti wenye kichwa kama kabichi. Majani yake makavu hayaanguki. Yanabaki kwenye shina kama blanketi, na usiku majani mabichi yanajifunga kulinda kichipukizi. Lobelia bequaertii inakaa penye matope, na majani yake yanang'aa na kushika maji katikati. Lobelia wollastonii inapenda juu zaidi. Mkuki wake una manyoya ya kijivu, na maua ya buluu yamejificha ndani. Ndege chozi wanakuja kunyonya humo. Mwisho kuna Helichrysum stuhlmannii, kichaka chenye maua meupe makavu kama karatasi. Hata yakikatwa hayanyauki upesi. Lakini msikate, maana upande wetu wa mlima ni hifadhi ya Virunga.

Sasa tazameni majina hayo. Stuhlmann alikuwa Mjerumani. Mwaka 1891 alipanda kutokea upande wetu, kwa bonde hilo hilo la Butawu, akafika karibu mita 4,000. Wollaston alikuwa daktari Mwingereza, alifika na msafara wa 1906. Bequaert alikuwa Mbelgiji, mtaalamu wa wadudu na mimea, aliyefanya kazi Kongo. Sisemi walikosea. Jina la kitabuni linasaidia, juu mtu wa Japani na mtu wa Butembo wakilitaja, wanajua ni ua moja. Ila wageni hao hawakupanda peke yao. Walikuwa na wapagazi wenye walibeba mizigo, na chini ya mlima waliishi watu wenye walijua mimea hiyo kabla yao. Majina ya watu hao yako wapi? Hayako kwenye vitabu vyetu vya shule. Yako midomoni mwa wazee, kwa Kinande na Kikonzo, na wazee wetu hawabaki nasi milele.

Kwa hiyo ninawapa kazi ya nyumbani, watoto na wazazi pamoja. Chukueni kaye, mgawe ukurasa mara tatu. Sehemu ya kwanza, jina la ua kwa lugha ya nyumbani. Ya pili, linafananaje: rangi, petali ngapi, majani namna gani. Ya tatu, linaota wapi: shambani, msituni, penye mianzi, au juu kwenye baridi. Muulizeni bibi, babu, na jirani aliyewahi kupanda au kuchunga huko. Kama nyumba mbili zinataja majina mawili tofauti, msigombane, andikeni yote mawili. Mzee akisema ni dawa, andikeni pia, lakini mtu asichemshe jani lolote la huku eti linafanana na la kule.

Asiye na kalamu aje darasani, tutaandika pamoja. Makaye yakirudi, majina tutayachapa hapa hapa, na jina la mzee aliyetufundisha kama yeye mwenyewe anakubali. Kaeni salama.