Mboga Hazingoji: Masoko ya Ruiru na Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012 hupita Ruiru kwanza, kisha hufika Thika, mji ulio umbali wa kilomita 40 na kitu. Zamani Thika ndiyo iliyokuwa na sifa, kwa kuwa reli ilifika huko mwaka 1913 na viwanda vikafuata. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru ilionekana kuwa na watu zaidi ya 490,000, na Thika 251,000 hivi. Aghalabu ya watu hao hununua mboga za siku ile ile.

Soko la Thika huchangamka mapema. Nyanya za Mwea hushushwa zikiwa katika masanduku ya mbao, na za chini mara nyingi zimekwisha pondeka kwa uzito wa wenzake. Kabeji huja kutoka nyanda za baridi, na sukuma wiki hukatwa mashambani alfajiri ikingali na umande. Ruiru mambo ni mengine. Wakazi wake wengi hufanya kazi Nairobi, nao hushuka katika matatu jua likizama. Basi majani yaliyonunuliwa alfajiri hapana budi yamngoje mnunuzi kutwa nzima. Mama mboga huyanyunyizia maji, huyageuza, huyafunika kwa gunia lililoloweshwa. Hata hivyo hunyauka.

Wanunuzi hulalamika kwamba wachuuzi hupandisha bei kupita kiasi. Yafaa lawama hiyo ipimwe kwa hesabu. Tuseme mama mmoja amenunua sukuma wiki ya kutosha mafungu 40 kwa shilingi 600, naye auza fungu moja shilingi 20. Akiuza yote atapata shilingi 800. Lakini akiisha kuuza mafungu 30, amerudisha mtaji wake tu, wala hajapata hata senti ya nauli. Faida yake yote imo katika mafungu 10 ya mwisho, na hayo ndiyo yaliyonyauka. Akiyauza nusu ya bei atapata shilingi 100, na humo atoe nauli na ushuru wa soko.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini asinunue kidogo? Kwa sababu mteja akikuta meza tupu leo, kesho huenda kwa jirani, na huenda asirudi. Wala hawezi kuongeza bei peke yake, maana majani yale yale yako meza ya pili, hatua mbili tu.

Ndiyo maana wengi huweka vitunguu na viazi kando ya majani, vitu vivumiliavyo siku kadhaa. Wengine huikata sukuma wiki vipande vyembamba, tayari kwa sufuria, nao huuza kazi ya mikono pamoja na jani. Kuna na deni. Wenye mishahara huandikwa katika daftari hata mwisho wa mwezi, na watu hudhani kwamba huo ni upole. Upole upo, lakini fungu lililokopeshwa huenda likalipwa, hali lililotupwa halilipwi kamwe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha kukausha mboga kilijengwa Karatina ili kuwalisha askari, na wakulima wa huko wakapata soko la hakika. Baada ya vita kilifungwa, nao wakasikitika sana.  Kivuli, maji safi na chumba cha baridi vingeongeza saa chache, na saa chache ndizo hasa zinazotakiwa Ruiru.

Giza likiingia, bei huanguka. Fungu la shilingi 20 huwa 10, kisha mawili kwa 10, na mnunuzi bado huomba nyongeza. Majani yaliyobaki hufungwa katika gunia kwa ajili ya mbuzi, na mwenye meza huhesabu kama fedha zilizopo zatosha kununua tena alfajiri.