Nyumba Yetu ya Mawe

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu Lamu methali hii haihitaji kufafanuliwa, maana kila mwaka kuna ufa wa kuzibwa. Lakini likizo ya Agosti iliyopita nilifika nyumbani nikakuta mambo kinyume: ukuta mzima ulikuwa ukingojea kubomolewa.

Nilishuka mashuani jua likiwa la utosi. Nilipofika kwenye daka la nyumba yetu, pale penye baraza za mawe wanapoketi wageni, nikakuta mifuko kumi ya saruji imepangwa. "Hii ya nini?" nikamwuliza dada. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Ya Ami. Ataka kuvunja zidaka."

Msomaji mpenzi ambaye hujafika kwetu, ngoja kwanza nikueleze. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha nusu mita. Dari imelala juu ya boriti za mikoko. Mkoko hautoi boriti ndefu, kwa hivyo vyumba vyetu ni vyembamba, yapata hatua tatu au nne, ila ni virefu kama ukumbi wa bweni letu. Ukipita daka waingia tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho "ndani" yenyewe. Kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kile kilichotangulia, hivyo kadiri unavyokuwa mtu wa karibu ndivyo unavyopanda. Zidaka ziko huko ndani: ni vishubaka vya lipu ya chokaa, safu juu ya safu, ukuta mzima, ambamo kina bibi walipanga vyombo vyao vya kauri. Hata chooni kuna mambo. Birika la maji limewekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini yake zimejengewa bakuli za kauri ili maji yakipungua samaki wasife.

Sasa, binti yake Ami anaolewa baada ya Idd, na desturi ya kwetu ni mume kuhamia kwa mke. Maharusi hawana chumba. Ami akaona abomoe ukuta wa zidaka, atokeze upande wa nyuma, amwage zege.

Nilikwenda mbio kwa bibi. "Bibi, mwambie asivunje! Nyumba hii haijaguswa miaka mia mbili!"

Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Haiyaguswa? Ndoo, mwanangu. Tezama yuu."

Jioni ile alinitembeza nyumba niliyozaliwa kana kwamba mimi ni mtalii. Ghorofa haikuwapo hapo kale. Iliongezwa nyanya yake alipoolewa. Ghorofa hiyo ikaanguka nusu, wakaezeka makuti. Makuti yakaondoka, likaja bati. Waya za stima zilipokuja, fundi alitoboa zidaka mbili bila kuuliza mtu. Tena akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia tukizisifu nyumba zetu: mawe yale yalibebwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani mwaka 1907, wenyewe walipungukiwa mali na mikono, na ghorofa ya juu ikaachwa kwa mvua. Nilinyamaza. Nilikuwa nimejivunia kuta zile siku nyingi.

Ami aliingia tukiwa bado tumesimama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Wote mwaniambia nisivunje. Waliotangulia walivunja wakajenga. Mimi kosa langu ni nini?"

Kusema kweli sikuwa na jibu. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kubomoa kunataka ruhusa, lakini orodha haimpi bi harusi pa kulala. Nilichoweza kusema ni kuhusu saruji tu. Msana wa tini una ukuta ambao marehemu babu aliupaka saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu ulibaki humo, na sasa jiwe lenyewe lamumunyuka kama sukari. Ami aliutazama ukuta ule kitambo.

Ndipo bibi akasema, "Fungua wikio."

Sote tukanyamaza. Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikiunganisha nyumba mbili za jamaa. Chetu kiko juu, na mlango wake upande wetu uliziwa kwa mawe mirathi ilipogawanywa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Tangu siku hiyo Ami na binamu zake wa ng'ambo ya kichochoro hupeana salamu za msikitini tu. Chumba kimekaa kitupu, hakina faida kwao wala kwetu.

Baada ya Magharibi Ami alivaa kanzu safi na kofia akatoka. Hakusema aendako. Bibi akaniambia nisichungulie dirishani, nami nikachungulia. Alisimama mbele ya mlango wa binamu muda mrefu kabla ya kubisha hodi.

Nilirudi shuleni kabla mambo hayajaiva. Juzi dada alinipata kwa simu ya shule. Wameufungua mlango kwa tindo, polepole, na nyuma ya mawe kizingiti cha kale kingali kizima. Mifuko saba ya saruji imeuzwa. Zidaka zipo. Binamu wamekubali kutoa chumba, ila paa la wikio lavuja na wamesema hawatalilipia hata senti. Kwa hivyo ugomvi umerudi, sasa ni wa paa, na Ami yuko mbioni kutafuta boriti.