Kashata za kivukoni

Nimepotea, najua. Mitihani imeisha, nimelala siku mbili mfululizo, sasa nalipa deni. Wengi mmeniuliza imekuwaje siku hizi nachangia kwenye semina wakati mwaka wa kwanza nilikuwa najificha nyuma ya nguzo. Basi jibu liko kwenye TP ya mwaka jana, kule kwetu Tanga.

Siku yangu ya kwanza, Kidato cha Tatu, wanafunzi zaidi ya sitini, somo la historia, tena kwa Kiingereza. Nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka, nikaona yale macho... kwisha habari. Koo likakauka, magoti yakaanza kucheza. Nikanakili notisi ubaoni vipindi vyote viwili, mgongo nimewapa wao. Nilipotoka nikaenda kulia chooni. Mwalimu asiyeweza kuongea ni mwalimu gani? Na bumu lote lile, bure?

Ijumaa nikapanda basi kwenda nyumbani Pangani. Nikamwambia mama nataka kubadilisha kozi. Yeye anakoroga kashata, hata hakugeuka.

"Mwanangu, we si ndo ulikuwa ukiita wateja pale kivukoni, sauti inafika mpaka Bweni? Woga huo umeutoa wapi? Kesho nenda ukauze."

"Mama, mimi nipo chuo!"

"Na kashata zipo kwenye sinia."

Jumamosi nikaenda. Mwanzoni aibu, nikadhani mji mzima unanicheka. Mara pantoni likafika, watu wakaanza kushuka, na nisingeita ningerudi na sinia limejaa. Nikaita. Hapo ndo nikagundua kitu: ukiuza kashata huwazi unaonekanaje, unawaza kashata. Unamtazama mtu mmoja usoni, unasema naye. Akikataa, unahamia kwa mwingine, wala hufi.

Wiki iliyofuata msimamizi akaja kunikagua. Nikamwangalia binti mmoja wa dawati la mbele, nikamuuliza: mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kuhutubia umati? Kisha nikawasimulia Bibi Titi Mohammed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 1955 alichukua uongozi wa wanawake wa TANU, akazunguka nchi akihutubia. Kusimama mbele ya watu alishakuzoea ngomani, kama mimi kivukoni. Chaki ilinivunjikia mara mbili kwa kutetemeka, ila mikono ilinyooshwa darasa zima! Msimamizi akasema sauti ipo, ubao ndo nijifunze kuupanga.

Jamani, nisiwadanganye, woga haujaisha. Hata wiki iliyopita magoti yalicheza. Ila sasa nafanya mazoezi kwa sauti chumbani mpaka rumeti wangu anakereka, naanza na swali, na natafuta uso mmoja wa kusema nao. Na nyie mnaoenda TP mwaka huu, hebu jiulizeni ni wapi mlishasimama mbele ya watu bila kuona taabu. Madrasa? Kwaya? Kupiga debe stendi? Anzieni hapo hapo.

Semina ijayo ni zamu yangu kuwasilisha. Njooni mkae mbele, nahitaji uso wa kutazama. Kashata nitaleta.

Alamsiki.