Mvi za Mwalimu

Siku moja jioni mtoto wetu wa mwisho aliketi nyuma yetu, akaanza kuhesabu mvi. Alipofika kumi na mbili akauliza: «Baba, umepita wapi penye majivu?» Nyumba nzima ikacheka, nasi tukacheka. Lakini kesho yake tulikwenda sokoni kimya kimya, tukanunua dawa nyeusi ya nywele.

Jumapili, baada ya Misa, mzee mmoja wa benchi la mbele alitutazama sana, akasema mbele ya watu: «Mwalimu, nywele zimerudi ujanani. Na magoti, umeyapaka?» Kumbe alituona tulivyoshika benchi wakati wa kupiga magoti. Hata masista walicheka.

Wasomaji wapenzi, si sisi peke yetu tunaoukimbia uzee. Huko Marekani yuko tajiri mmoja, Bryan Johnson, aliyezaliwa mwaka 1977. Kazi yake sasa ni kutafuta asizeeke. Chakula chake cha mwisho hukila kabla ya saa sita mchana, humeza vidonge vingi kila siku, na mwaka 2023 alitiwa maji ya damu ya mwanawe, kijana wa miaka 17. Alipopimwa haikuonekana faida, akaacha. Watu wakamtania kwamba ni mnyonya damu, tena mwuza dawa za uongo. Kwao dawa ya uongo huitwa «mafuta ya nyoka», tangu zamani za wachuuzi waliotembeza chupa zao mji kwa mji. Naye akafanya nini? Aliuza mafuta ya zeituni, akayaita kwa jina hilohilo: Mafuta ya Nyoka!

Habari hiyo ilituchekesha sana. Kisha tukajiuliza: mtu anayetoa mali nyingi hivi kukikimbia kifo, kwa nini anajicheka mwenyewe? Sisi tunadhani ni hivi: anayejitania kwanza hufunga mlango, watu wasimwulize neno la pili. Na neno la pili ni woga.

Uko mcheko mwingine. Bibi Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, kadiri ya vitabu vya serikali, alizaliwa mwaka 1875 akafa mwaka 1997, mwenye miaka 122. Alivuta sigara hata alipopita miaka mia. Mwaka 1965, alipokuwa na miaka 90, wakili mmoja alipatana naye kumlipa franka 2,500 kila mwezi mpaka afe, kisha nyumba yake iwe ya wakili. Bibi hakufa. Wakili ndiye aliyetangulia, mwaka 1995, na nyumba hakuiingia. Bibi alisema tu kwamba katika maisha pengine watu hufanya biashara mbaya.

Sara naye alicheka hemani, aliposikia kwamba atazaa katika uzee wake. Alipoulizwa alikana, kwa sababu aliogopa. Mungu hakumfukuza, alimwambia tu kwamba kweli amecheka. Na mtoto akaitwa Isaka, ndiyo kusema: anacheka.

Majuma mawili baadaye yule mzee wetu aliugua. Tulikwenda kusali naye Rozari. Akatupokea kwa mzaha: «Mwalimu, kitanda hiki kinanipenda sana, hakitaki niondoke.» Kisha akanyamaza, akatugusa kichwani. «Unaogopa nini?» Tulitafuta mzaha wa kumjibu, tukaukosa. Tukamwambia kweli: baba yetu alikufa mwenye miaka 41, na sisi tunayo 38.

Alimjua baba. Akasema: «Baba yako hakupata hata mvi moja. Wewe umepewa, nawe unazificha?»

Mzee yule alipona, na bado anatutania. Ile chupa hatukuifungua tena.

Wapenzi, kuutunza mwili ni vizuri, maana ni zawadi ya Mungu. Wala tusiwadharau wanaohangaika na dawa za ujana. Woga wao ni woga wetu. Basi mwenzako akijitania juu ya mvi zake, cheka naye. Lakini usiondoke upesi. Kaa kidogo, pengine anangoja umwulize neno la pili.