Binti Tuliyemkatalia Uuguzi



Tunaandika haya sisi wawili, mume na mke, wakaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, wazazi wa binti wawili na mvulana mmoja. Hatuandiki kwa kuwa tumefuzu katika malezi. Tunaandika kwa kuwa tulikosea, na kosa letu twaliona likirudiwa katika nyumba za jamaa na majirani kila matokeo ya mtihani yanapotoka.

Binti yetu mkubwa alifanya KCSE mwaka wa 2014 akapata wastani wa C. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alitujia sebuleni baada ya swala ya Isha, mkononi ana fomu ya kuomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha KMTC. Tulimsikiliza mpaka mwisho, kisha tukamjibu kwa maneno tuliyodhani ni ya hekima. Binti wa Kiislamu atalalaje nje ya nyumba akifanya zamu za usiku? Atawagusaje wanaume wasio maharimu wake? Na baada ya hayo yote, ni nani atakayekuja kumposa? Hakubishana nasi. Aliikunja fomu ile, akaiweka kabatini chini ya nguo zake. Miaka miwili baadaye aliolewa kwa heri, nasi tukahesabu kwamba tumetimiza wajibu wetu.

Mwezi wa Oktoba 2023, bi mkubwa wetu, mama mzazi wa mmoja wetu, aliteleza chooni akavunjika nyonga. Alilazwa katika hospitali moja ya hapa mjini. Usiku wa pili mkojo ulimziba, tumbo likavimba, jasho likamtoka kwa maumivu, ikabidi apitishiwe mpira wa mkojo. Zamu ile ilikuwa na wauguzi wawili tu, wote wanaume, vijana wenye adabu waliotuamkia na kutueleza kila kitu. Lakini mama alikataa katakata. Aliishika leso yake kwa mikono miwili akawa anasema, "Nistirini, wanangu, nistirini. Kwani mji mzima huu hamna mtoto wetu wa kike wa kunitazama?"

Tulimbembeleza, hakusikia. Alivumilia maumivu yale mpaka karibu na alfajiri, zamu ilipobadilika akaja muuguzi wa kike. Alikuwa msichana wa bara, mwenye msalaba shingoni. Alivuta pazia, akamfunika mama kwa leso mbili, akamwomba ruhusa kabla ya kumgusa, akaifanya kazi yake kwa upole tuliouhisi hata sisi tuliokuwa nje ya pazia. Mama alimwombea dua kwa machozi.

Binti yetu mkubwa alikuwa amesimama nasi. Akasema kwa sauti ya chini, bila ya hasira, "Huyu wazazi wake walimruhusu."

Hatukuwa na la kumjibu. Miaka yote tumekuwa tukitaka wake zetu na mama zetu watibiwe na wanawake wenye kuichunga sitara yao. Jambo hilo ni haki, na ni zuri. Lakini tulikuwa tukilitaraji kutoka kwa mabinti wa watu wengine, huku wetu tukiwafungia mlango. Muuguzi wa kike haanguki kutoka mbinguni. Hutoka katika nyumba fulani, kwa idhini ya mama na baba fulani.

Mama aliporudi nyumbani, tulikwenda kwa mwalimu wetu wa madrasa kumwuliza tuliyopaswa kumwuliza tangu 2015. Alitukumbusha kwamba wanazuoni wameihesabu elimu ya tiba kuwa faradhi ya kifaya: wakiisimamia baadhi ya watu, wengine husalimika, wakiiacha wote, jamii nzima hupata dhambi. Mwanamke kutibiwa na mwanamke ndilo lililo bora inapowezekana, na palipo na haja ya kweli, kumtazama na kumgusa mgonjwa huruhusiwa kwa kadiri ya haja hiyo. Alitutajia Bi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye vitabu vya sira vimelitaja hema lake katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwa mshale katika vita vya Khandak, mwaka wa 5 Hijria, alipelekwa katika hema hilo auguzwe. Alitutajia pia Bi Ummu Atiyya, aliyetoka katika misafara saba pamoja na Mtume (S.A.W.), akiwapikia mashujaa na kuwauguza wagonjwa. Wanawake hawa tulikuwa tukiwasikia tangu utotoni. Hatukuwahi kufikiri kwamba walikuwa na wazazi.

Binti yetu mdogo alikuwa kidato cha nne mwaka ule ule wa bibi kuumia. Matokeo yalipotoka, Januari 2024, hakuthubutu kutuomba. Sisi ndio tuliomwuliza. Leo yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Tuliyojifunza katika kumtafutia nafasi tunayaeleza hapa, yapate kumfaa mzazi mwingine.

Njia za kuingia ni mbili kuu. Ya kwanza ni diploma ya uuguzi wa jamii, ambayo huchukua miaka mitatu. Huhitaji wastani wa C katika KCSE, pamoja na C katika Baiolojia na C katika Kiswahili au Kiingereza, bila ya kuzipuuza Kemia, Fizikia na Hisabati. Ya pili ni shahada ya chuo kikuu, kwa mwenye wastani wa C+ na alama nzuri za sayansi. Hiyo ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Hapa Pwani, KMTC ina matawi Mombasa, Msambweni, Kilifi na kwingineko, ingawa si kila tawi hufundisha kila kozi, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi hufundisha shahada. Maombi hupitia mtandao wa KUCCPS, na tarehe ya mwisho haimsubiri mtu. Kwa hivyo binti aliye sekondari na mwenye hamu hii asiiache Baiolojia wala Kemia. Hapo ndipo wengi hujifungia njia bila ya kujua.

Kuhusu vyuo vya binafsi, chungeni sana. Sisi tulikaribia kulipa ada katika chuo kimoja chenye mabango mazuri, kisha tukagundua kwamba hakimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwanafunzi wa chuo kisichoidhinishwa haruhusiwi kufanya mtihani wa Baraza, na asiyefaulu mtihani huo hasajiliwi wala hapewi leseni, hata awe na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Itazameni orodha hiyo kwanza, kisha ndipo mfungue mkoba. Kwa upande wa karo, mkopo wa HELB upo, na basari za kaunti na za eneo bunge zipo kwa anayeomba mapema. Sisi tuliongezea kwa faida ya duka letu la viungo pale Marikiti, na mjomba wake akasaidia.

Ama zile hofu zetu za kale, baadhi ziliyeyuka na baadhi zimebaki. Binti yetu huvaa hijabu pamoja na sare yake, na mikono ya sare hupandishwa wakati wa kunawa, jambo ambalo usafi wa wodini hulidai kwa kila mtu. Huswali kwa kupokezana na wenzake. Usiku wa zamu kaka yake humpeleka na kumrudisha, nao ni usumbufu wa kweli katika nyumba, hatutawadanganya. Hujifunza ukunga pia, na mara ya kwanza alipopokea mtoto alirudi nyumbani asiweze kula kwa furaha. Mara ya kwanza alipofiwa na mgonjwa vilevile hakula, na tuliketi naye mpaka usiku mwingi.

Wala hatutasema kwamba kazi inamngojea mlangoni. Wako wauguzi waliohitimu wanaokaa muda mrefu bila ya ajira, na wako wanaofanya kwa mikataba mifupi. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 uliodumu kama miezi mitano haukutokea bure. Anayeitaka kazi hii kwa ajili ya mshahara peke yake atachoka njiani. Lakini elimu hii haimpotei mwenyewe: humfaa katika nyumba yake, mtaani kwake, na palipo na mgonjwa.

Tumebakiwa na deni moja. Binti yetu mkubwa sasa ana watoto wawili. Siku mdogo wake alipoanza chuo, alimletea saa ya kubana kifuani, ile waivaayo wauguzi, aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe. Tulimwomba radhi siku hiyo, naye akatusamehe upesi mno, kama watoto wema wafanyavyo. Mwezi uliopita alitujia tena sebuleni, baada ya Isha, pamoja na mumewe. Alitaka kujua kama tutaweza kuwalea wajukuu mchana iwapo ataomba nafasi mwaka ujao.

Safari hii hatukumwuliza nani atakayemposa. Tulimwuliza watoto wanaamka saa ngapi.

Enyi wazazi wenzetu, mkijiwa sebuleni na ombi kama hili, msilijibu usiku ule ule. Ulizeni kwanza, shaurianeni, mwombeni Mola awaonyeshe la heri. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wanaowauguza, na atujaalie kuwa wazazi wa kuwafungulia watoto wetu milango ya kheri. Amin.